Karakana ya Nyumbani: Joto la Mchana na Baridi ya Alfajiri

Banda la gari lililo ubavuni mwa nyumba mara nyingi huwa karakana pia. Humo askari aliye likizoni hupiga randa, mkewe hushona kwa cherehani, na kijana wao hujifunza kuziba mpira wa baiskeli. Lakini banda la mabati matupu lina taabu zake. Gulu, kuanzia Desemba hadi Februari, joto la alasiri hupita nyuzi 30 nje, na chini ya bati huzidi hapo. Kabale, mji ulio zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, usiku hushuka hadi nyuzi 10 hivi. Gundi nyeupe ya mbao hukawia kushika, na unyevu hujikusanya chini ya bati ukadondokea misumeno na kuitia kutu.

Dawa ya kwanza iko juu, si ukutani. Bati lililochomwa na jua humimina joto lake chini mchana kutwa; basi na liwekewe dari. Mikeka ya mafunjo yafaa sana, maana ndani ya kila bua mna vishimo vingi vya hewa, na hewa iliyotulia hupitisha joto kwa shida. Mikeka ifungwe kwa waya chini ya boriti, ikiwa miwili miwili, na iachwe nafasi ya sentimita 10 au zaidi kati yake na bati. Nafasi hiyo iwe wazi pande mbili ili hewa ya moto itoke. Bati likipakwa rangi nyeupe kwa juu, hurudisha sehemu kubwa ya miali ya jua.

Penye baridi, ufa wa chini ya mlango uzibwe kwa ukanda wa mpira wa tairi kuukuu. Gundi ilale ndani ya nyumba, na vyuma vipanguswe kwa kitambaa chenye mafuta.

Hata hivyo, kuziba kuna mpaka. Sigiri ya makaa isiwashwe kamwe ndani ya banda lililofungwa. Makaa hutoa kaboni monoksaidi, hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Mtu huumwa kichwa, husinzia, kisha haamki. Moshi wa gari huleta sumu iyo hiyo, kwa hiyo injini iwashwe nje. Matundu ya hewa yawe karibu na sakafu na mengine juu, katika kuta zinazoelekeana, yawekewe wavu, wala yasizibwe usiku.

Mafunjo hushika moto upesi: kazi ya kuchomelea ifanyiwe uani, na petroli isihifadhiwe humo. Mabati ya kale ya asbesto yasikatwe wala kutobolewa, kwani vumbi lake huleta saratani ya mapafu baada ya miaka mingi.

Mwenye fedha kidogo na aanze na dari ya juu ya meza ya kazi; sehemu nyingine zitafuata mwisho wa mwezi.