Wimbo uliolipiwa usifungwe kufuli

Familia inayokimbia mapigano haibebi mengi: mtoto mgongoni, godoro, sufuria, telefone. Ndani ya telefone hiyo mna nyimbo za kwaya, za harusi, za nyumbani.

Siku hizi programu za muziki zinasema "pakua", lakini wimbo unabaki umefungwa ndani ya programu. Spotify, kwa mfano, inataka telefone iingie kwenye intaneti angalau mara moja kila siku 30, na malipo ya kila mwezi yasikatike. Vinginevyo nyimbo zilizopakuliwa hazichezi tena. Mhami atatoa wapi mega wakati hata unga haujapatikana? Na benki za Goma zilipofunga milango Januari 2025, hata mwenye pesa alikosa njia ya kuifikia.

Huko si kununua, ni kupanga. Anayepangisha aseme wazi kwamba anapangisha.

Watetezi wa kufuli wanadai linamlinda msanii. Ni kweli, msanii anaibiwa: vioski vinajaza nyimbo kwenye kadi memori kwa franka chache, na mtunzi haoni kitu. Lakini kufuli halijavifunga vioski hivyo. Wimbo mmoja ukishavuja bila kufuli, unasambaa mji mzima. Anayefungiwa ni yule aliyelipa.

Wakubwa wenyewe wameonyesha. Apple ilianza mwaka 2003 kuuza nyimbo zilizofungwa. Mwaka 2009 ikaondoa kufuli, na biashara haikufa. Yahoo ilipofunga duka lake la muziki mwaka 2008, ilizima pia mitambo iliyotoa ruhusa. Wateja waliokuwa wamelipa hawakuweza tena kuhamishia nyimbo hizo kwenye kompyuta mpya.

Basi, kabla ya kulipa, kila msikilizaji aulize: telefone hii ikiibiwa au ikiharibika njiani, wimbo nilioulipia utacheza kwenye nyingine, ya aina yoyote, bila intaneti? Kama hapana, asiuhesabu kuwa mali yake.

Wasanii wa Goma nao wauze MP3 isiyofungwa, kwa bei ndogo, kwa pesa ya telefone. SOCODA, inayosimamia haki za watunzi nchini, ifuate wanaofanya biashara kwa jasho la wengine. Mama aliyelipia wimbo wake aachwe aende nao popote atakapolala.