Mvuvi Autazame Mlima Kwanza

Jumamosi asubuhi mbingu za Nyeri huweza kuwa nyeupe pe, hata karani aliyengoja juma zima apate kushika ufito wake akadhani kwamba siku imekwisha kuwa njema. Lakini mto haupati maji yake mjini. Gura hushuka kutoka milima ya Nyandarua, nao Thiba na Naro Moru hutoka Mlima Kenya. Kwa hiyo mvua iliyonyesha huko juu jana alasiri ndiyo itakayomkuta mvuvi leo.

Trauti si samaki wa asili wa mito hiyo. Wa kwanza waliletwa kutoka Uskoti, na mwaka 1905 Ewart Grogan akawatia katika mto Gura. Ni samaki wa maji baridi. Maji yakizidi sana nyuzi 20 za Sentigredi hulegea, wala hana hamu ya kula.

Basi mvuvi afikapo ukingoni asifanye haraka kufunga inzi wake, yaani ndoana iliyovikwa manyoya ikafanana na mdudu. Na ayatazame maji. Yakiwa mekundu kwa matope, trauti hamwoni inzi. Heri mtu arudi akapalilie mahindi. Yakiwa maangavu hata kokoto zahesabika, kama yawavyo mara nyingi mwezi wa Februari, samaki humwona mtu kutoka mbali. Hapo yafaa mshipi mwembamba, inzi mdogo, na kunyatia kutoka chini ya mto, kwa kuwa trauti hukaa ameelekea mkondo utokako. Maji yaliyo bora kuliko yote ni yale yapunguayo baada ya mvua, yenye rangi ya chai isiyotiwa maziwa.

Mawingu mepesi ni rafiki wa mvuvi kuliko jua kali. Ukungu wa Julai huwakatisha wengi tamaa, walakini mwenye subira akingoja hata saa nne au saa tano, maji yapatapo joto kidogo, huenda akaona wadudu wakianza kuruka na samaki wakipanda kuwadaka.

Lakini wakati wa mvua, Machi hata Mei, na tena Oktoba hata Desemba, kuna jambo kubwa kuliko samaki. Mlima ukifunikwa na mawingu meusi, mto waweza kujaa ghafula hali jua lingali likiwaka ukingoni. Mvuvi mwenye akili huchomeka kijiti penye ukomo wa maji, akakitazama mara kwa mara. Kijiti kikianza kuzama, au majani na vitawi vikishuka kwa wingi, au mvumo wa mto ukibadilika, atoke majini papo hapo, asingoje samaki mmoja wa mwisho. Aliyevuka saa nne maji yakimfika magotini aweza kuyakuta kifuani saa tisa, na mawe ya chini huteleza. Siku kama hiyo na avue upande ule ule wenye njia ya nyumbani, hata kama kidimbwi kizuri kiko ng'ambo.