Mmea wa Hewa Hauishi kwa Hewa Tupu

Yapo majina yanayotuongoza na yapo yanayotupotosha. Jina "mmea wa hewa" ni la kundi hilo la pili, na hasara yake nimeishuhudia nyumbani kwetu Kagio.

Mwaka uliopita nilimpelekea mama mmea mmoja wa aina hiyo. Nilimtajia jina lake, nikamwambia hauhitaji udongo, kisha nikarejea kazini. Mama amelea watoto wake kwa mpunga na nyanya, na kwake yeye, apendaye mmea huunywesha. Aliutia katika bilauri yenye maji kidogo, akaiweka dirishani. Baada ya majuma machache kitako chake kiligeuka cheusi, na alipougusa, majani ya katikati yalichomoka yote. Alinipa habari hiyo kwa unyonge, kana kwamba yeye ndiye mkosa. Mkosa nilikuwa mimi, mwalimu wa lugha niliyemwachia jina bila maelezo.

Kasoro imo katika kile kijineno "wa". Tusemapo kitanda cha mbao, twataja kilichokiunda. Samaki wa bahari, mahali aishipo. Chakula cha mtoto, yule atakayekila. Sasa huyu "wa hewa" ni wa namna gani? Aghalabu msikiaji hudhani kuwa hewa ndiyo chakula chote cha mmea huo. Basi wapo wanaounyima maji hadi ukakauka, na wapo ambao, wakiuona unasinyaa, huutosa majini na kuusahau humo.

Hata wataalamu hawakusalimika. Mimea hii, ambayo asili yake ni bara la Amerika, kuanzia kusini mwa Marekani hadi Ajentina, huitwa kitaalamu Tillandsia. Jina hilo lilitolewa na Linnaeus wa Uswidi katika karne ya 18 kwa kumkumbuka Elias Tillandz, mtaalamu wa mimea wa mji wa Turku. Husimuliwa kwamba Tillandz aliugua mno alipovuka bahari, hata akaamua kurudi kwa nchi kavu, akiizunguka ghuba nzima. Linnaeus aliamini kuwa mmea huu nao huyachukia maji. Alikosea.

Ukweli ni kwamba wengi wa jamii hii huishi juu ya matawi ya miti bila kuinyonya. Mizizi yao ni ya kujishikiza tu. Maji huyanywa kwa majani, kupitia magamba madogo sana yanayowapa rangi ya kijivu. Huko kwao mvua huwalowesha, kisha upepo ukawakausha. Kinachowaozesha ni maji yaliyotuama baina ya majani mahali pasipopita hewa.

Wenzangu wa Kagio, majirani wa mashamba ya Mwea, wataniuliza: mbona mpunga husimama majini miezi kadhaa na hauozi? Mpunga una njia za hewa ndani ya shina zinazoifikisha hadi mizizini. Mmea wetu huu haukujaliwa njia hizo.

Kwa hiyo, uloweke mara moja kwa juma, kwa muda wa dakika 20 hadi 30. Ukung'ute, uupindue kichwa chini juu ya kitambaa, na uuache mahali penye hewa mpaka ukauke, ikiwezekana kabla ya saa nne kupita. Fanya hivyo asubuhi, kwa maana mimea hii hufungua vitundu vya majani yake usiku ili kuvuta hewa, na jani lililolowa huvuta kwa shida. Katika baridi ya Juni hadi Agosti, mawingu yanapotanda mchana kutwa, punguza maji. Usiufungie katika chupa.

Nawasihi wauzaji wasimkabidhi mnunuzi jina tupu. Wamwambie na siku ya kuloweka. Mama nimempelekea mwingine. Safari hii nilikaa naye Jumamosi nzima, tukauloweka na kuungoja ukauke.