Zawadi ya Krismasi isile mtaji wa Januari

Mizigo imeanza kubadilika sura Namanga, Mutukula, Busia na Rusumo. Mama aliyekuwa akivuka na vitenge peke yake sasa ana mfuko wa pili pembeni. Ndani yake mna midoli ya plastiki, seti ya glasi, saa ya ukutani inayong'aa na kopo la biskuti lenye picha ya theluji. Mfuko huo si wa kuuza. Ni zawadi za nyumbani, na fedha iliyozinunua imetoka palepale ilipotoka ya vitenge, yaani kwenye mtaji.

Hesabu ya Desemba inajulikana kwa kila anayeishi kwa kuvuka mpaka. Vikoba vinavunjwa na wanachama wanagawana akiba ya mwaka. Soko linachangamka kwa wiki chache. Nauli za kwenda Moshi, Kakamega na Bukoba zinapanda. Kijijini ndugu wanamsubiri mtu "wa mpakani" kana kwamba anarudi na benki mgongoni, naye hataki kuonekana amerudi mikono mitupu. Halafu inaingia Januari na madai yake: ada, sare, kodi ya kibanda. Aliyefunga mwaka na marobota mawili anaufungua mwaka mpya na nusu robota, tena la mkopo.

Hakuna anayepaswa kuwaambia watu waache kupeana zawadi. Kinachostahili kuhojiwa ni ile imani iliyojengeka kwamba zawadi sharti itoke dukani, iwe kwenye boksi na ikiwezekana iwe imetoka mbali. Ukanda huu una vitu vinavyotengenezwa kwa mikono ambavyo watu wa upande wa pili wa mpaka wanavitamani, na vingi gharama yake haifiki ya kopo lile la biskuti.

Mfano ulio karibu zaidi kwa msimu huu ni senene. Mvua za Novemba zinapowaleta, Kagera na Buganda hula kitu kilekile kwa hamu ileile. Kwa Kiganda mwezi wenyewe umepewa jina lao, Museenene. Kampala na Masaka wanawatega usiku kwa taa kali na mabati yanayowatelezesha hadi kwenye mapipa. Wanaonunuliwa wabichi hunyonyolewa mbawa na miguu, wakakaangwa kwa mafuta yao wenyewe, chumvi na kitunguu kidogo, hadi wakauke na kulia kama karanga. Wakipoa kabisa na kufungwa kwenye kopo safi lisilopitisha hewa, wanafika Krismasi wakiwa bado wazuri. Mhaya anayeishi Mwanza au Dar es Salaam akiletewa kopo hilo hataulizia saa ya ukutani.

Tena senene ni zawadi tangu zamani. Katika desturi ya zamani ya Buganda, mke ndiye aliyewakusanya kwa ajili ya mumewe, naye mume akapaswa kumjibu kwa nguo mpya, mara nyingi gomesi. Mwanamke hakuwala. Desturi ya kula imebadilika na wanawake wengi leo wanakula bila kuomba ruhusa ya mtu, lakini ule mzunguko wa kazi ya mkono kujibiwa kwa nguo unaonyesha kwamba thamani ilikuwa kwenye usiku wa kuhangaika na wadudu wale. Tahadhari moja tu kwa mfanyabiashara asiye mwenyeji: upande wa Uganda aulize ukoo kwanza. Kwa watu wa ukoo wa Nsenene, huyo ni mwiko wao, na kopo lililoandaliwa kwa upendo linaweza kugeuka kichekesho mezani.

Kwa wanaotoka Pwani na Visiwani, jibu liko kwenye viungo. Bizari nyembamba, pilipili manga, iliki, mdalasini na karafuu, vikikaushwa jikoni kwa moto mdogo, vikatwangwa na kuwekwa kwenye chupa ndogo ya jemu iliyooshwa vizuri, ni zawadi itakayokumbukwa Goma au Kigali kila sufuria la pilau linapopanda jikoni. Anayenunua karafuu kwa kilo anazijaza chupa nyingi kwa gharama ndogo. Achari ya embe nayo inawezekana, kwa sababu Desemba ni msimu wa embe, ila inahitaji siku kadhaa za jua na chumvi kabla ya kuiva, kwa hiyo anayeanza tarehe 22 amechelewa. Kashata za karanga hazina masharti hayo. Zinapikwa usiku mmoja na zinastahimili safari ya basi.

Wauza vitenge wenyewe wamekalia zawadi bila kujua. Mabaki yanayobaki kwa fundi, yale yanayofutiwa cherehani, yanatosha kushona aproni, mikoba ya sokoni, vitambaa vya kushikia sufuria, hata mwanasesere wa mtoto wa kike. Mtoto wa kiume wa kijijini anayetengenezewa gari la waya lenye usukani mrefu atalisukuma hadi Pasaka, wakati la betri huwa limenyamaza kabla ya Mwaka Mpya. Kiondo cha Ukambani, kikapu cha ukindu na agaseke ya Rwanda si vya bei ya chini vikinunuliwa kwenye maduka ya watalii, lakini mfanyabiashara anayepita kwa wasukaji anajua bei nyingine, na kikapu kikishatoa kilichomo kinabaki kufanya kazi nyumbani.

Kuna sababu nyingine inayowahusu zaidi wanaovuka, nayo ni ya kiforodha. Utaratibu Rahisi wa Biashara wa Jumuiya ya Afrika Mashariki unamruhusu mfanyabiashara mdogo mwenye mzigo usiozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani kupata cheti cha uasili palepale mpakani na kuvusha bidhaa bila ushuru wa forodha, mradi bidhaa hizo zimezalishwa ndani ya Jumuiya na zimo kwenye orodha iliyokubaliwa. Kikapu cha ukindu kimezaliwa hapa. Mdoli uliotoka ng'ambo na kununuliwa Kariakoo au katikati ya Kampala haukuzaliwa hapa, na cheti hicho hakiuhusu. Ndiyo maana kila Desemba kuna mama anayebishana na ofisa juu ya midoli sita, akiamini kwamba kila kilichonunuliwa ndani ya Jumuiya ni cha Jumuiya.

Utaratibu huo haufuti kila kitu. Mbegu, miche, nyama, maziwa na vyakula vibichi vina masharti ya afya ya mimea na mifugo, na ni afadhali kuuliza kabla ya kufunga mzigo. Kufunga kwenyewe pia kuna sheria. Rwanda ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2008, Kenya ikafuata Agosti 2017 na Tanzania Juni 2019. Zawadi nzuri imewahi kumwagwa kaunta kwa sababu ya mfuko. Majani makavu ya mgomba, kitambaa au gazeti la jana vinatosha.

Lakini ipo zawadi moja ya Desemba ambayo haitengenezwi kwa mkono na haina upendo wowote ndani yake. Ni ile inayodaiwa barabarani na vizuizini kwa sentensi fupi: "Krismasi yangu iko wapi?" Mwenye robota dogo ndiye anayeidaiwa zaidi, kwa sababu ndiye asiyejua haki yake na ndiye asiyeweza kusubiri hadi kesho. Akilipa mara tatu kati ya mpaka na nyumbani, ameshatoa fedha ya zawadi za familia nzima. Serikali za nchi wanachama haziwezi kuimba utangamano mwaka mzima kisha zikaukodisha kwa watu binafsi wiki ya mwisho. Kitu kidogo kingesaidia kabla ya tarehe 24: orodha ya bidhaa zinazopita bila ushuru ibandikwe kwa Kiswahili, kwa herufi kubwa, mahali ambapo msafiri anaiona kabla hajafika dirishani, pamoja na namba ya simu ya malalamiko ambayo kuna mtu wa kuipokea.

Na katika masoko ya mpakani kuna zawadi isiyoombewa cheti wala stakabadhi. Muuza ndizi Mwislamu anakaa na kibanda cha jirani yake Mkristo kuanzia tarehe 23, anauza, anaandika kwenye daftari na kumkabidhi hesabu akirudi kutoka kwao. Idi ikifika, kazi inageuka upande wa pili. Kibanda kinabaki wazi siku ambazo wateja ni wengi, mwenyewe anakula sikukuu na wazazi wake, na Januari anakuta mauzo badala ya kufuli. Anayetaka kumfanyia mwenzake hivyo mwaka huu azungumze naye wiki hii, waonyeshane bei na waliokopa, kwa sababu mabasi ya tarehe 23 yameanza kujaa.