Ebola ilivuka Mpondwe, karatasi ya nesi ikakwama

Leo naomba tuongee juu ya kitu ambacho tunakiona kila siku mpaka tumekizoea. Mimi naona tusikizoee.

Wengi wenu mnanijua kama kijana wa kutafsiri. Nimemaliza sekondari, basi. Asubuhi nakaa kati ya muganga na mgonjwa. Muganga anaongea Kiingereza, mgonjwa anaongea Kiswahili chetu cha Congo ao Kinande, na mimi nabeba maneno kutoka upande huu kwenda upande ule.

Siku moja mama alileta mtoto. Akasema usiku mtoto alikuwa anakauka mwili na macho yanageuka. Foleni ilikuwa ndefu, mimi niko na haraka, nikamwambia muganga kwamba mtoto ana homa na amechoka sana. Mama mwingine, aliyekuwa nyuma kwenye foleni na mtoto wake mgongoni, akapaza sauti: "Hapana kijana, si kuchoka. Mwambie ni degedege, na umwulize mama imemkamata mara ngapi." Nikatafsiri upya. Muganga akaacha kalamu, akamchukua mtoto mara moja. Mtoto alipona, asante Mungu. Lakini mimi usiku ule sikulala vizuri.

Baadaye nilimtafuta yule mama wa foleni. Kumbe ni nesi, tena A1. Alifanya kazi upande wa Beni miaka tisa, na kipindi cha Ebola alikuwa kazini. Sasa anauza nyanya na vitunguu. Hebu fikirieni: mimi wa sekondari ndiye niko ndani, yeye aliyesomea kazi yuko nje kwenye foleni.

Hapa wengine watasema, "Ni mkimbizi, haruhusiwi." Si kweli. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya 2006, kifungu cha 29, inampa mkimbizi haki ya kufanya kazi, na hata kufanya kazi ya taaluma yake, mradi karatasi zake zitambuliwe na mamlaka ya Uganda. Tunaishukuru Uganda kwa hilo, maana nchi nyingi hazina sheria kama hiyo. Sasa shida yote imejificha kwenye neno moja: zitambuliwe.

Congo nesi anaitwa A2, A1 ao A0. A2 anasoma uuguzi kwenye ngazi ya sekondari, A1 anatoka kwenye chuo cha juu kama ISTM. Uganda wana cheti, diploma na digrii. Karatasi ya Congo iko kwa Kifaransa, ya Uganda kwa Kiingereza. Mtu wa ofisini akiona "A2" hajui aiweke wapi. Anaogopa kukosea, anaiweka pembeni. Na nesi mwenyewe hana pesa ya kutafsirisha karatasi, hana nauli ya kwenda Kampala mara tatu, na Kiingereza chake bado kidogo. Hakuna aliyemkataa kwa mdomo, lakini miaka inapita.

Na ugonjwa hausubiri karatasi. Watu wa Bwera wanakumbuka Juni 2019. Mtoto wa miaka 5 aliingia kutoka Congo na familia yake, wakampeleka hospitali ya Kagando. Waganga wa pale walitambua dalili, akahamishiwa kwenye kituo cha Ebola cha Bwera. Tarehe 11 Juni ikatangazwa kwamba ni Ebola. Mtoto alifariki, halafu bibi yake na mdogo wake wa miaka 3. Upande wa Congo mlipuko ule uliua watu zaidi ya 2,200. Lakini Kasese haukusambaa. Kwa nini? Kwa sababu Uganda ilikuwa imejiandaa mapema: waganga karibu 4,700 walikuwa wamekwisha kuchanjwa, walikuwa wamefundishwa dalili, na nchi mbili zilikuwa zinapeana habari. Ule ndio ushirikiano, na uliokoa watu ambao hata hawajui kwamba waliokolewa.

Kuna jambo lingine ambalo vijana wa Congo tunapaswa kulijua. Dawa moja ya Ebola, mAb114, ilitokana na damu ya mtu aliyepona Ebola ya Kikwit, 1995. Profesa Jean-Jacques Muyembe alikuwa kwenye kazi ile pamoja na wataalamu wa Marekani. Dawa ilijaribiwa Beni, Butembo, Katwa na Mangina, katikati ya vita, kwa kanuni kali za kimataifa. Desemba 2020 Marekani ikaikubali rasmi. Waliokuwa wanashika mgonjwa, kuandika kila kipimo na kuhesabu kila saa ni waganga na manesi wa Congo. Kazi ya mikono yao ilikubaliwa mpaka Washington. Mbona karatasi zao zishindwe kufika Kasese?

Sasa nisikilizwe vizuri. Sisemi kila anayejiita daktari apewe sindano. Sisi wenyewe tunawajua wale wa kuchoma sindano kwa siri ndani ya nyumba, na tumezika watu kwa sababu yao. Baraza la Wauguzi na Wakunga la Uganda liko na haki ya kuuliza, na mimi nataka liulize, maana mgonjwa wa kwanza kudungwa na mtu wa uongo ni mama yangu ao mama yako. Ninachosema ni kwamba kuwe na njia ya kupimwa. Mtu aitwe, afanye mtihani, akae miezi kadhaa chini ya nesi wa Uganda anayemwangalia. Akishindwa, ashindwe kwa haki. Leo hashindwi wala hashindi, kwa sababu hakuna aliyempima.

Mfano uko karibu. Jumuiya ya Afrika Mashariki iko na mikataba ya kutambuliana kwa wahasibu, wasanifu wa majengo, mainjinia na madaktari wa mifugo. Mabaraza ya madaktari ya nchi zile yamekuwa yakienda pamoja kukagua vyuo vya udaktari. Congo iliingia Jumuiya 2022, mikataba ile ikiwa imekwisha kusainiwa. Basi wakaguzi wavuke Mpondwe pia. Waende Bunia, Goma, Bukavu, waone ISTM zinafundisha nini. Kama kuna pengo, waliseme, watu wasome kilichobaki. Kiingereza nacho kinafundishika: chuo kikuu cha Mbarara kilipoanza 1989, walimu wa udaktari kutoka Cuba, watu wa Kispanyola, walikuja kusaidia kufundisha.

Kwenu wafanyakazi wa mashirika, niko na maombi matatu. Mtu anapoandikishwa, muulizeni kazi yake na mwiandike vizuri, "nesi A1, miaka tisa", si "mkulima". Kwenye bajeti zenu wekeni pesa ya kutafsiri karatasi, ya kujiandikisha barazani na ya masomo ya Kiingereza cha hospitali. Tena msiishie kumfanya nesi kuwa VHT wa kujitolea miaka na miaka halafu mseme mmemsaidia.

Kwetu vijana: kama mama yako ao kaka yako ni muganga, piga picha karatasi zake leo, zitume kwenye barua pepe yake. Kama zilichomwa na vita, aandike jina la chuo, mwaka wa kumaliza na hospitali alipofanya stage. Bila hivyo hata mtu mwenye moyo mzuri hana pa kuanzia.

Wanaoishi Kasese wanajua haja iliyopo. Hospitali ya Kilembe iliharibiwa na mto Nyamwamba Mei 2020, na wagonjwa wake walipaswa kutafuta kwingine. Wenyeji na sisi tunakaa foleni moja. Wazee walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Wageni tumekuja, na kati yetu wako wanaojua kuponya.

Jumatatu nitakuwa tena pale katikati na tafsiri yangu ya sekondari. Nitajitahidi. Lakini nitafurahi siku yule mama atakaponiambia, "Kijana, ondoka hapo, nikae mimi." Niandikieni mnavyoona, hasa ninyi mlio na ndugu waganga.