Tarehe ya Kulipa

Mwenye duka wa Mtaa wa Msimbazi, ambaye daftari lake la mikopo limechakaa jalada kwa kufunuliwa kila jioni, hamuulizi mwalimu habari za uhakiki wa madai yake serikalini wala bajeti. Humwonyesha jina lake na hesabu ya unga na mafuta, basi. Chama cha Walimu Tanzania kilipogoma tarehe 30 Julai 2012, na Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi, ikaubatilisha mgomo siku chache baadaye, sheria ilinena, nami sibishani nayo. Lakini madai ya kale ya walimu, ya fedha za uhamisho na likizo, hayakufutika kwa hukumu ile. Serikali, ambayo hukata kodi kabla mshahara haujamfikia mwenyewe, si insafu ihubiri subira kwa dhima iliyo shingoni mwake: chama na kidai tarehe, iliyoandikwa na kutiwa sahihi.