Grafu Laini Isikudanganye

Kila msimu wa presentesheni za mwaka wa nne, projekti ya seli za haidrojeni haikosekani. Mtu anafungua slaidi, grafu inashuka laini, anatangaza "modeli imekubali", tunapiga makofi, imeisha hiyo. Mimi nasema mara nyingi tunapigia makofi madesa.

Seli hii inaunganisha haidrojeni na oksijeni ya hewani, inatoa umeme, joto na maji. Kwenye karatasi, kwa nyuzi 25, seli moja ina volti 1.23. Ikibeba mzigo wa kweli unabaki na kama 0.6 au 0.7. Hilo tunalijua. Tunalolikwepa ni mzigo unaobadilika. Dereva akikanyaga pedali ghafla, umeme unatakiwa palepale, lakini kompresa inayosukuma hewa inahitaji muda kuongeza kasi. Volti inadondoka. Utando wa ndani nao unataka maji kwa kiasi: ukikauka, protoni zinapita kwa shida, maji yakizidi, yanaziba njia za gesi. Ndiyo maana Toyota Mirai, gari lililoingia sokoni Japani mwaka 2014, lina betri ya kuisaidia seli.

Sasa fungua modeli zetu. Joto halibadiliki, mzigo haubadiliki, namba ni zilezile zilizokuja na programu. Milinganyo ya utando wengi tunaitoa kwenye kazi ya Springer na wenzake wa Los Alamos, ya 1991. Modeli ile ilikuwa ya hali tulivu, na vipimo vyao vya utando walivichukua kwa nyuzi 30, wakavitumia kwa seli ya nyuzi 80. Hawakulificha hilo. Sisi tunakopi mlinganyo, onyo tunaliacha.

Najua utaniambia, "Kaka, maabara yetu haina hata mtungi wa haidrojeni." Kweli kabisa. Lakini kupandisha mzigo ghafla ndani ya modeli hakuhitaji mtungi. Kushusha joto kutoka 80 hadi 60 uone kinachotokea, hakuhitaji mtungi. Kulinganisha grafu yako na vipimo ambavyo wengine wameshavichapisha, na kuandika kila namba umeitoa wapi, ni laptopu na usiku kadhaa wa kupiga msuli tu.

Hii si habari ya alama peke yake. Kesho utakuwa injinia, na mtu atanunua mtambo wa kuwasha mnara wa simu au wodi ya wagonjwa kwa kuamini grafu yako. Mzigo wa wodi hautulii.

Kwa hiyo naiomba idara: kila ripoti iwe na ukurasa mmoja unaoeleza modeli inakosea wapi, na ukurasa huo uwe na alama zake. Na sisi tunaokaa nyuma kwenye presentesheni, kabla ya makofi tuulize: mzigo ukipanda ghafla, inakuwaje?